Namba ya tatu kwenye toleo la Python inabadilisha nini, na je uiguse seva ambayo inafanya kazi?

Swali: "Mkuu habari. Nasimamia programu moja ya ofisini imeandikwa kwa Python, inakaa kwenye seva ya Linux, toleo ni 3.11.3 tangu tuiweke 2023. Juzi nimeona 3.11 ina matoleo mengine mengi baada ya hilo, nikafungua orodha ya mabadiliko nikakuta mistari mamia kwa mamia, nusu siielewi. Bosi anasema kinachofanya kazi kisiguswe. Hivi hii namba ya mwisho inabadilisha nini hasa? Inaweza kutuvunjia programu? Na ile orodha naisomaje bila kupoteza wiki nzima?"

Jibu:

Salama ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe alafu maelezo yafuate: apdeti, nenda toleo la mwisho kabisa la 3.11, na usilipeleke mwezi ujao. Bosi wako simlaumu, anaogopa kitu cha kweli, maana haya matoleo madogo mara chache huwa yanavunja programu za watu na nitakuonyesha yanavunjaje. Ila kukaa kwenye 3.11.3 leo maana yake unakaa na mianya ambayo imeshatangazwa hadharani, ina namba zake, ina maelezo yake, mtu yeyote anaweza kusoma jinsi ya kuitumia.

Kwanza namba zenyewe. Ile ya katikati, 11, ndo yenye mambo mapya ya lugha. Tangu 3.9 iliyotoka Oktoba 2020, kila Oktoba inatoka moja mpya, na huko ndo vitu vinaongezwa na vingine vinaondolewa. Namba ya tatu ni matengenezo tu. 3.11 ilitoka Oktoba 2022, ikapewa kama mwaka mmoja na nusu wa kurekebishwa kasoro za kawaida, toleo moja kila miezi miwili hivi, mpaka 3.11.9 ya Aprili 2024. Baada ya hapo ikaingia kipindi cha usalama peke yake, kitakachoisha Oktoba 2027 ikitimiza miaka mitano. Kwenye kipindi hicho hawatoi tena visakinishi vya Windows wala Mac, wanatoa msimbo chanzo tu, unajenga mwenyewe au unategemea watu wanaokujengea. (Kuanzia 3.13 kipindi cha kasoro za kawaida kimeongezwa kikawa miaka miwili, kwahiyo ukihamia huko hesabu inabadilika.)

Hii inakusaidia papo hapo na ile orodha yako ndefu. Ile mistari mamia unayoiona karibu yote ipo kati ya 3.11.4 na 3.11.9. Ukishavuka 3.11.9 orodha inapungua sana, kinachobaki karibu chote ni usalama, hiyo sehemu unaisoma yote mstari kwa mstari na hutachukua hata nusu saa.

Sasa swali gumu, kuvunja programu. Ahadi ya matoleo ya matengenezo ni kwamba msimbo wako hautabadilika tabia. Na kwa asilimia kubwa sana ahadi inatimizwa, kwasababu marekebisho mengi ni ya aina ambayo hakuna mtu angetaka kubaki na hali ya zamani, mfano sehemu ambayo Python ilikuwa inazimika ghafla ukiipa data ya ajabu, sasa inakupa kosa la kawaida unaloweza kulikamata. Hayo yaache yapite, usipoteze muda nayo. Yanayotakiwa macho ni yale ambayo tabia yenyewe ndo mwanya, yaani huwezi kuziba bila kubadilisha kitu ambacho kuna mtu mahali fulani anakitegemea.

Hili lilinikuta mwenyewe kwahiyo nalieleza kwa kirefu kidogo. Nilikuwa na skripti inasoma faili la vifaa vya mtandao, na faili linatoka kwenye mfumo wa zamani ambao kila kipande cha anwani unakiandika kwa tarakimu tatu, yaani 192.168.1.10 yenyewe inaandika 192.168.001.010. Skripti inatumia moduli ya ipaddress (kipande cha Python cha kushughulikia anwani za mtandao), kwenye 3.9.2 inasoma vizuri, miezi inapita. Tukaapdeti kwenda 3.9.5, usiku ule ule kazi ikakataa kwenye mstari wa kwanza, ValueError, hii sio anwani ya IPv4 wala IPv6. Nikasema hawa wametuharibia, toleo la matengenezo linakataaje kitu lilichokuwa linakubali jana. Kabla sijarudisha toleo la zamani nikajaribu kitu kimoja, nikaandika ping (amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu) kwenye ile anwani vile vile na sifuri zake. Ping ikaenda 192.168.1.8.

Ndiyo, nane. Kwasababu programu nyingi za mfumo zikiona kipande kinaanza na sifuri zinakisoma kwa msingi wa nane, na 010 kwa msingi wa nane ni 8, wakati Python yangu ilikuwa inasoma 10. Kwahiyo faili moja, anwani moja, programu mbili zinaelewa vifaa viwili tofauti. Sasa fikiria sio skripti ya kuhesabu vifaa, ni ulinzi. Una programu inayopokea anwani kutoka kwa mtumiaji, inamuuliza Python hii ni ya ndani au ya nje, mtu anakuandikia 010.8.8.8, Python inasema 10.8.8.8, ya ndani, mruhusu, alafu chombo kingine kinachofungua muunganisho kinaenda 8.8.8.8. Ukaguzi umepita na umekagua kitu kingine kabisa. Huo ndo mwanya uliosajiliwa kama CVE-2021-29921 (CVE ni orodha ya hadharani ya mianya ya usalama, kila mmoja na namba yake), na hakuna namna ya kuuziba huku ukiendelea kuzikubali zile sifuri. Wakazikataa, kwenye 3.9.5 na baadaye 3.8.12. Mimi nikarekebisha upande wangu kwa mstari mmoja, kwasababu nilijua kwa uhakika kwamba ule mfumo unamaanisha namba za kawaida:

".".join(str(int(k)) for k in anwani.split("."))

Kama hujui chanzo chako kinamaanisha nini, usiweke huo mstari, acha likatae, maana utakuwa unabahatisha.

Mwingine wa aina hiyo ni ule wa Septemba 2022, kwenye 3.10.7, 3.9.14, 3.8.14 na 3.7.14 kwa mpigo. Kugeuza maandishi marefu ya tarakimu kuwa namba, au namba kubwa kuwa maandishi, kazi yake inakua kwa mraba, ukizidisha tarakimu mara mbili muda unazidi mara nne. Mtu anakutumia tarakimu milioni kadhaa ndani ya ombi moja la JSON, seva yako inakaa inachemka na wengine wote wanasubiri. Wakaweka kikomo cha tarakimu 4300. Ukizidisha unapata ValueError. Walioumia ni watu wa hesabu ambao hawakuwa na mshambuliaji yeyote, mfano ukipiga faktoria ya 2000 inakokotolewa vizuri tu, ila ukitaka kuichapisha inagoma, maana ina tarakimu 5736. Suluhisho lipo, sys.set_int_max_str_digits unapandisha kikomo au unaweka 0 kukiondoa kabisa, na hex (namba kwa msingi wa 16) haiguswi na kikomo hicho. Wewe ulianza na 3.11 na kikomo kilikuwemo tangu 3.11.0, kwahiyo hili halikuhusu, nimelitaja ujue ukubwa wa kitu kinachoweza kupita kwenye namba ya tatu pale usalama unapolazimisha.

Sasa lipo kundi lingine ambalo watu wengi hawalijui na kwako wewe ndo muhimu kuliko yote, kwasababu limeanzia toleo linalofuata tu baada ya lako. Moduli ya tarfile, ile ya kufungua faili za tar (faili moja lililobeba faili nyingi ndani yake). Tatizo lake ni la zamani sana, lina namba CVE-2007-4559, angalia mwaka. Faili la tar linaweza kubeba majina kama ../../kitu au njia inayoanza na mkwaju, ukilifungua kwa extractall kwenye folda yako, yaliyomo yanaenda kuandikwa nje ya folda, juu ya faili zako zingine. Sasa wangebadilisha tabia moja kwa moja wangevunja watu wengi, maana kuna wanaotumia tar kufanya bakapu ya mfumo mzima na wanataka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Kwahiyo walichofanya kwenye 3.11.4, na kwenye matoleo ya nyuma ya kipindi kile mpaka 3.7.17, wakaongeza kichujio ambacho usipokiomba hakifanyi kazi. 3.12 ikaanza kutoa onyo usipokitaja, na 3.14 ndo imekifanya kiwe cha kawaida.

Maana yake nini kwako? Utaapdeti, utaona kwenye orodha tarfile imeshughulikiwa, utatulia, na msimbo wako utakuwa wazi vile vile kama jana. Hapa kuapdeti peke yake hakukupi kinga, inabidi ufungue msimbo utafute kila mahali palipo na extractall na extract uandike:

tar.extractall(folda, filter="data")

Alafu usiishie 3.11.4, kwasababu kichujio chenyewe kilikuja kugundulika kina mianya, mtu anaweza kukizunguka kwa viungo vya faili vilivyopangwa kijanja, na viraka vyake vikatoka Juni 2025, kwa upande wako ni 3.11.13. Ndo maana nasema toleo la mwisho kabisa, sio lile linalofuata.

Kwa haraka mengine mawili unayoyakosa ukiwa hapo ulipo. 3.11.4 ilirekebisha urllib.parse, kabla ya hapo ukiipa linki inayoanza na nafasi tupu ilikuwa haitambui hata kwamba ni https, kwahiyo kama una orodha ya tovuti zilizozuiwa mtu anaweka nafasi moja mbele anapita. Na 3.11.5 ya Agosti 2023 ikaziba mwanya wa moduli ya ssl, kwenye soketi za upande wa seva, ambapo data iliyotumwa kabla ya makubaliano ya TLS (utaratibu wa kusimba mawasiliano) kukamilika ingeweza kuchukuliwa kama vile imepita kwenye usimbaji. Kama seva yako inahakiki wateja kwa vyeti hilo ni zito.

Sasa kusoma orodha. Imegawanywa kwa vichwa na mimi naisoma kwa mpangilio huu. Security nasoma yote, kila neno. Library natafuta majina ya moduli ninazotumia, na hapa kuna njia rahisi sana: pita kwenye msimbo wako utoe mistari yote ya import, toa marudio, utabaki na majina kama thelathini hivi, hayo ndo unayatafuta, mengine unaruka. Core and Builtins napitisha macho nikitafuta neno crash. Documentation, Tests, IDLE, Build naviacha kabisa isipokuwa najenga Python mwenyewe. Mistari ya siku hizi inaanza na gh- na namba, ya zamani ilianza na bpo- kabla hawajahamishia tiketi zao GitHub 2022, na ile namba ukiifungua utakuta mjadala mzima, mara nyingi mtu aliyeripoti ameweka mfano wa mistari mitano unaoonyesha kasoro. Usihangaike na sentensi ya orodha ambayo huielewi, nenda kwenye ule mfano uuendeshe kwenye toleo lako uone mwenyewe. Alafu kuna hazina ambayo watu hawaitumii, nyaraka za kila moduli zina maandishi madogo "Changed in version" ikifuatiwa na namba. Ikiwa ni 3.12 hiyo ni kawaida, ila ukiona namba yenye vipande vitatu kama 3.9.5 au 3.11.4, simama hapo, maana yake tabia ilibadilika katikati ya njia na walikuwa na sababu ya kutosha.

Hofu ya bosi ina upande mmoja zaidi ambao lazima niuseme, kwamba toleo lenyewe linaweza kutoka na kasoro mpya. Imeshatokea. 3.9.3 ilitoka Aprili 2021 ikiwa na rekebisho lililobadilisha ukubwa wa muundo mmoja wa ndani, na vipachiko vilivyoandikwa kwa C na kujengwa kwa 3.9.0 mpaka 3.9.2 vikawa vinaweza kuangusha programu kwenye mifumo ya biti 32. Siku mbili baadae ikatoka 3.9.4 ikilirudisha nyuma lile rekebisho. Na Agosti 2025, 3.13.6 ilitoka na kasoro kwenye ssl ambapo kusoma data ya muunganisho wa TLS kunaweza kuning'inia tu, wiki moja baadae ikaja 3.13.7 kurekebisha. Kwahiyo desturi yangu ni hii, kama toleo halina kitu cha usalama kinachonigusa nasubiri wiki mbili wengine walizoee kwanza. Kama kinanigusa naliweka kwenye seva ya majaribio siku hiyo hiyo, testi zikipita kesho yake linaingia. Wewe hapo huna cha kusubiri, toleo ulilonalo lina mianya iliyo wazi tangu 2023.

Kuhusu maktaba zako za nje kama numpy, huhitaji kuzijenga upya, ndani ya 3.11 zote kile kilichojengwa kwa 3.11.3 kinafanya kazi kwa 3.11 ya mbele, hiyo 3.9.3 ilikuwa ajali ndo maana waliiondoa haraka hivyo.

Kilichobaki ni namna ya kuapdeti na hapa ndo nimeona watu wengi wanaamini wameapdeti kumbe bado. Kwanza angalia Python yako ilitoka wapi. Kama ni ile iliyokuja na Linux yenyewe, usiiguse kwa mkono, vifaa vya mfumo vinaitegemea, na pia namba yake inadanganya kidogo: Debian 12 itakuambia 3.11.2 lakini viraka vya usalama wanavirudisha ndani ya 3.11.2 hiyo hiyo bila kubadilisha namba, kwahiyo pale unaapdeti kwa apt na unasoma matangazo ya usalama ya Debian, sio orodha ya Python. Wewe umesema 3.11.3 kwahiyo nahisi mliijenga wenyewe au mmetumia pyenv (chombo cha kuweka matoleo mengi ya Python) au konteina (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji). Kwa pyenv kila toleo lina folda yake, na mazingira ya venv (folda yenye maktaba za programu moja) uliyoyatengeneza na 3.11.3 yanaelekeza kwenye folda ya 3.11.3. Utasakinisha mpya, utaandika python --version utaona namba mpya, na programu itaendelea na ya zamani kwasababu venv yake haijahama. Futa venv uijenge upya kutoka kwenye faili la requirements (orodha ya maktaba zako), usijaribu kuifanyia ujanja. Kwa konteina, ukiwa umeandika python:3.11.3 itabaki hapo milele mpaka ubadilishe, na ukiwa umeandika python:3.11 inasogea ila tu ukivuta imeji upya na kuijenga, ile iliyopo kwenye seva haijibadilishi.

Kabla ya kubadilisha, endesha testi zako kwenye toleo jipya ukiwa umewasha maonyo kwa -W error, mara moja tu uone nini kinapiga kelele. Huna testi? Chukua data halisi ya siku moja, ipitishe kwenye programu kwa toleo la zamani na jipya, linganisha matokeo kwa diff. Mpe bosi hiyo diff mkononi, itamtuliza kuliko maelezo yangu yote haya. Ile ya zamani iache kwenye folda yake wiki moja ili kurudi nyuma kuwe ni kubadilisha njia tu.

Na ukimaliza washa upya huduma yenyewe, mchakato uliokuwa unaendeshwa unabaki na Python ya zamani kwenye kumbukumbu hata kama faili zimebadilika chini yake. Weka mstari mmoja programu inapoanza uandike sys.version kwenye logi, alafu nenda kasome logi. Ukiona namba mpya pale, ndani ya logi ya programu yenyewe, hapo ndo mwambie bosi tayari.